Ali wa 1966 na Tyson wa 1988: mwongozo wa kubishana kuhusu mabondia wa zama tofauti

Ubishi huu nilishindwa mara ya kwanza kwenye kijiwe cha kahawa, na aliyenishinda hakupandisha hata sauti. Nilikuwa nimeshamaliza kila nilichonacho: Tyson angemmaliza Ali ndani ya raundi tatu, Ali hakuwahi kukutana na ngumi za kasi namna ile, mjadala umefungwa. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna kashata taratibu akaniuliza, "Tyson yupi, mwanangu? Wa Atlantic City au wa Tokyo?" Nikamjibu kwamba Tyson ni Tyson. Watu wakacheka. Akaongeza, "Na Ali je? Yule wa Houston, au yule aliyebaki kwenye kiti mbele ya Larry Holmes?"

Sikuwa na la kusema. Tangu siku ile nimekuwa nikiubishia mchezo huu kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio huu. Nitatumia pambano hilohilo la Ali na Tyson kama mfano, kwa sababu ndilo linalozuka kila kijiwe kuliko lingine lolote.

Hatua ya 1: Taja usiku, usitaje jina

Jina la bondia limebeba watu wengi ndani yake. Muhammad Ali aliyepigana na Cleveland Williams pale Astrodome, Houston, tarehe 14 Novemba 1966 alikuwa na miaka 24, kilo 96 na ushee, na miguu isiyotulia sehemu moja. Ali aliyemwangusha George Foreman Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 alikuwa na miaka 32 na alishinda akiwa ameegemea kamba, akipokea makonde kwenye mikono na mbavu mpaka mwenzake alipochoka. Kati ya hao wawili kuna miaka mitatu na nusu ambayo hakupanda ulingoni kabisa, toka Machi 1967 mpaka Oktoba 1970, kwa sababu alikataa kwenda jeshini. Miguu ya Houston haikurudi tena. Ukisema "Ali" tu, mpinzani wako atachagua Ali dhaifu na utakuwa umempa mwenyewe.

Kwa Mike Tyson ni hivyohivyo. Usiku wake bora ni tarehe 27 Juni 1988, Atlantic City, alipommaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Mwaka huohuo akaachana na kocha wake Kevin Rooney, na kichwa chake kikaanza kusimama mbele ya ngumi kama mlingoti. Tarehe 11 Februari 1990, Tokyo, Buster Douglas akamtoa raundi ya kumi, huku kona ya Tyson ikimkanda jicho lililovimba kwa glovu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu. Miezi ishirini tu inatenganisha usiku hizo mbili, na anayebishana kama ni mtu mmoja anapoteza muda wa wenzake.

Ila usiku mtamu nao una hila yake, nayo ni mpinzani. Williams wa mwaka 1966 alikuwa amepigwa risasi na askari miaka miwili nyuma na kupoteza figo. Spinks alikuwa bingwa wa uzito mdogo kuliko wa Tyson aliyejinenepesha kupanda juu, na usoni alionekana ameshashindwa kabla kengele haijalia. Kwa hiyo chagua usiku, kisha uupunguze kidogo. Mimi kila mara nauliza: alionekanaje mwaka huohuo mbele ya mtu aliyekuja kupigana kweli?

Hatua ya 2: Sainini mkataba kabla ya kupanda ulingoni

Hapa ndipo ubishi mwingi unapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mapambano ya kweli yana mkataba, na la kufikirika nalo liwe nao. Swali la kwanza ni raundi ngapi. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 mpaka Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipofariki baada ya kupigana na Ray Mancini, Las Vegas, Novemba 1982. Shirika la ndondi la WBC likapunguza kuwa 12, na mengine yakafuata katika miaka ile. Ali alizaliwa na kulelewa kwenye raundi 15. Tyson hakuwahi kuvuka ya 12 maishani mwake. Ukikubali 15 umempa Ali zawadi, ukikubali 12 umempa Tyson. Rudi nyuma zaidi uone: Jack Johnson alipopoteza ubingwa wake Havana mwaka 1915 kwa Jess Willard, pambano lilipangwa raundi 45 na liliisha ya 26. Bondia wa leo ukimpeleka huko hata namna ya kupumua itabidi ajifunze upya.

La pili ni sheria ya mtu akianguka. Mwaka 1919 Jack Dempsey alimwangusha huyo Willard mara saba katika raundi ya kwanza, akiwa amemsimamia juu, akisubiri magoti yake yaache sakafu ili ampige tena. Mwaka 1927, Chicago, ilikuwepo sheria ya kwenda kwenye kona isiyo ya mtu kabla refa hajaanza kuhesabu. Dempsey alichelewa kwenda, na Gene Tunney akapata kama sekunde 14 za kurudisha akili. Dempsey huyohuyo, ngumi zilezile, sheria mbili. Anayesema Dempsey angemshinda fulani aseme kwanza kwa sheria ya mwaka gani.

La tatu, kupima uzito. Zamani walipima siku ya pambano lenyewe. Siku hizi wanapima siku moja kabla, na bondia anapata saa nyingi za kunywa maji na kula. Kwenye uzito wa juu hili halina maana, lakini kwenye uzito wa welter linabadilisha kila kitu. Unapomshindanisha Sugar Ray Robinson na Floyd Mayweather kwa kilo 66.7, uliza mizani inawekwa lini. Robinson alipimwa na kupigana siku hiyohiyo, tena katika maisha yaliyokuwa na takribani mapambano 200. Mayweather alipigana 50, akashinda yote. Februari 1943 peke yake Robinson alikutana na Jake LaMotta mara mbili, tarehe 5 akapoteza na tarehe 26 akashinda. Bondia wa leo angekuwa bado anasubiri uvimbe ushuke.

Na la nne, lenye kuzaa ugomvi: unamsafirisha bondia au unamlea upya? Kumsafirisha maana yake unamchukua Rocky Marciano kama alivyokuwa, na kilo zake 84 au 85, unamshusha mwaka huu. Leo hata uzito wa juu hangepangiwa, angewekwa chini yake, kwenye kikomo cha kilo 90.7. Kumlea upya maana yake unasema: Marciano angezaliwa juzi, angekula na kufanya mazoezi ya leo, angekuwa na mwili mwingine. Njia zote mbili ni halali. Usichanganye. Kuna watu wanamlea upya bondia wao na kumsafirisha wa mwenzao palepale, ndani ya sentensi moja, wala hawashtuki. Mimi napenda kusafirisha, kwa sababu mtu aliyelelewa upya na mawazo yangu ni bondia niliyemtengeneza mimi, hakuna wa kumpinga.

Kwa mfano wetu, mkataba ni huu: Ali wa Houston, Tyson wa Atlantic City, raundi 12, wote kama walivyokuwa, refa wa kawaida wa miaka ya themanini anayeonya mtu akikumbatia sana.

Hatua ya 3: Andika vipimo

Hii ni fupi. Kimo, urefu wa mikono, kilo. Ali sentimita 191, mikono 198. Tyson 178 na 180. Kilo zao zinashangaza wengi: Tyson kwa Spinks alikuwa na kama kilo 99, mzito kuliko Ali wa Houston. Mfupi ndiye mzito. Hilo peke yake linaua hoja ya "Ali angemwegemea na kumchosha".

Vipimo vitakusaidia pia dhidi ya yule anayesema mabondia wa leo ni majitu na Ali angepotea kati yao. Mkumbushe Oleksandr Usyk, mwenye kimo na urefu wa mikono sawasawa na wa Ali, ambaye mwaka 2024 alimshinda Mwingereza Tyson Fury (si Mike Tyson wetu) wa sentimita 206 mara mbili pale Riyadh, mara ya kwanza akizidiwa karibu kilo 17. Kisha nyamaza.

Hatua ya 4: Tazama mapambano mazima

Vipande vya dakika tatu mtandaoni ni uongo mtupu. Vimekatwa na shabiki, kila ngumi imepata, hakuna aliyechoka. Tazama pambano zima, na hasa tazama alilopata shida. Kwa Tyson usianze na Spinks. Anza na James "Quick" Tillis, Mei 1986, mtu wa kwanza kumfikisha kengele ya mwisho baada ya Tyson kushinda 19 mfululizo kwa KO, yaani kabla raundi hazijaisha. Endelea na Tony Tucker, Agosti 1987, raundi 12 kamili. Utaona kwamba mtu mrefu anayesogea na kushika anaweza kumaliza usiku akiwa wima. Ila tazama pia kwamba hao wote walipoteza kwa pointi.

Ukitazama, zima sauti. Watangazaji wana mapenzi yao. Chukua karatasi, kila raundi andika mambo mawili tu: jebu (ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele) ya nani inafika, na nani anaamua mahali pa kusimama. Kuhesabu makonde waachie majaji.

Filamu za zamani zina ugonjwa wake. Kamera zilizungushwa kwa mkono na mara nyingi zinaonyeshwa kwa kasi isiyo yake, ndiyo maana mabondia wa wakati wa Johnson wanaonekana wanarukaruka kama vikaragosi. Usimdharau mtu kwa sababu ya mashine. Na wengine hawana filamu kabisa: Harry Greb, bingwa wa uzito wa kati toka 1923 mpaka 1926 na mtu pekee aliyewahi kumshinda Tunney, hajaacha hata pambano moja lililorekodiwa linalojulikana. Mimi Greb simtumii kwenye ubishi. Anayemtumia anabishana kwa magazeti.

Hatua ya 5: Usipande ngazi ya ushindi

"Fulani alimpiga huyu, huyu alimpiga yule, kwa hiyo fulani angempiga yule." Hoja hii ina mvuto, na imekufa Kinshasa. Joe Frazier alimshinda Ali mwaka 1971. Ken Norton alimshinda Ali mwaka 1973 na kumvunja taya. Foreman aliwafuta wote wawili, Frazier kwa raundi mbili Kingston na Norton kwa raundi mbili Caracas. Kwa ngazi hiyo Foreman angemzika Ali. Alfajiri ile, watu uwanjani wakiimba kwa Kilingala "Ali boma ye", Foreman alilala raundi ya nane.

Yapo matoleo ya hila zaidi. Utasikia: Holmes alimpiga Ali, Tyson akampiga Holmes, hesabu imekwisha. Mwulize mwenzako umri wao. Ali alipopigwa na Holmes Oktoba 1980 alikuwa na miaka 38. Holmes alipopigwa na Tyson Januari 1988 alikuwa na miaka 38. Ngazi hiyo inathibitisha kwamba miaka 38 inauma.

Hatua ya 6: Mtafute kivuli

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Kwa kila bondia, tafuta mtu aliyewahi kukutana naye ambaye ni kivuli cha mpinzani wa kufikirika. Kivuli cha Tyson katika maisha ya Ali ni Joe Frazier: mfupi kuliko Ali, anakuja kwa kuinama, kichwa hakitulii, ngumi ya kushoto ya kuzungusha ndiyo silaha. Frazier alimwangusha Ali raundi ya 15 kwa ngumi hiyo. Henry Cooper alimwangusha kwa ngumi hiyohiyo Wembley mwaka 1963, na Sonny Banks mwaka 1962 vilevile. Ukiviweka pamoja, unaona ugonjwa: Ali alishusha mkono wa kulia na kurudisha kichwa nyuma kwa mstari ulionyooka, na konde la kushoto la kuzungusha lilimfuata. Tyson wa 1988 alikuwa nalo, tena la kasi kuliko la Frazier.

Lakini tofauti nazo ziandike. Frazier alizidi kupata moto kadiri raundi zilivyokwenda. Tyson alianza na moto wote, na ukimvusha raundi ya sita mashambulizi yake yalipungua kuwa ngumi moja moja. Tena Ali aliinuka kila alipoangushwa. Hata na Cooper, alisaidiwa na kengele na muda wa kona, raundi iliyofuata akamchana uso pambano likasimamishwa.

Kivuli cha Ali katika maisha ya Tyson ni Douglas: mrefu, mikono mirefu zaidi ya Ali, jebu ya kila wakati ikifuatwa na mkono wa kulia. Hapa uwe mwaminifu, kwa sababu huyo alikutana na Tyson wa Tokyo, ambaye mkataba wetu haumruhusu. Kwa hiyo Douglas anahesabika nusu. Kivuli kizuri zaidi ni Tucker, ambaye hakushinda.

Njia hii inafanya kazi popote. Ukitaka kumpambanisha Ali na Usyk, ambaye ni mashoto, kivuli ni Karl Mildenberger, Mjerumani mashoto aliyemsumbua Ali Frankfurt mwaka 1966 mpaka raundi ya 12. Ali alishinda, lakini alionekana kama mtu anayevaa kiatu cha mguu mwingine.

Hatua ya 7: Pigana raundi kwa raundi, na useme unavyoshindwa

Sasa simulia. Usiseme "Ali anashinda", sema anashindaje. Mimi nasimulia hivi. Raundi mbili za kwanza ni za Tyson. Ali anazunguka kwenda kulia kwake, na huko ndiko anakokwepa mkono wa kulia lakini anaielekea ile ngumi ya kushoto. Anapigwa mbavu. Raundi ya tatu anaanguka, nakubali, anaanguka. Anaamka akiwa na hesabu ya tano, anashika shingo ya Tyson kama alivyomshika Frazier mwaka 1974, refa anaonya. Kuanzia raundi ya tano jebu inaanza kumkuta Tyson akiingia, na Tyson anaacha kurusha ngumi kwa mafungu. Raundi nne za mwisho ni za upande mmoja. Ali kwa pointi, majaji wote, tofauti ndogo.

Kisha sehemu ambayo watu wengi wanaikimbia: sema bondia wako anavyoshindwa. Ali anashindwa ikiwa refa ni mkali na anawatenganisha haraka, au ikiwa kule kuanguka kunatokea mapema, raundi ikiwa bado na dakika mbili. Kisha toa idadi. Wakipigana mara kumi, Ali anashinda sita. Asiyeweza kutaja hata mara moja ambayo bondia wake anapoteza ni shabiki tu, na shabiki mnunulie kahawa, mzungumzie mpira.

Kuhusu kompyuta

Kuna kijana atakuja na mchezo wa kompyuta na kusema umeamua. Jambo hili lina historia. Mwaka 1967 Mmarekani Murry Woroner aliendesha redioni mashindano ya mabingwa 16 wa uzito wa juu kwa kompyuta, na Marciano akatoka mshindi. Ali, ambaye kompyuta ilisema amepigwa na Jim Jeffries, alikasirika akaenda mahakamani. Mwishowe Ali na Marciano wakaletwa Miami mwaka 1969 kurekodi raundi fupifupi mbele ya kamera, Marciano akiwa amepunguza mwili na kuvaa nywele za bandia. Marciano alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo, kabla filamu haijaonyeshwa. Januari 1970 Wamarekani waliona Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Huko Ulaya ukaonyeshwa mwisho mwingine, Ali kashinda. Kompyuta moja, majibu mawili, kutegemea tiketi imeuzwa wapi.

Zoezi la kwenu

Msianze na Ali na Tyson, mtazozana mpaka mwadhini. Anzeni na pambano ambalo hakuna mwenye chuki nalo, na ninalolipenda ni la Waganda wawili: Ayub Kalule dhidi ya John Mugabi, kwa kilo 69.8. Kalule, mashoto, aliutwaa mkanda wa ubingwa wa shirika la WBA mwaka 1979 na hakuwa amepoteza hata pambano moja mpaka Sugar Ray Leonard alipomsimamisha raundi ya tisa, Houston, Juni 1981. Mugabi, "Mnyama", alikuwa ameshinda kila pambano kwa KO mpaka Marvin Hagler alipomlaza raundi ya 11, Las Vegas, Machi 1986.

Usiku mmeupata: Kalule wa kabla ya Leonard, Mugabi wa kabla ya Hagler. Mkataba: raundi 15, kwa kuwa Kalule aliishi humo. Kivuli cha Mugabi kwa Kalule mtafuteni kati ya Davey Moore na Mike McCallum, ambao wote walimshinda mwaka 1982, lakini angalieni tarehe hiyo, ni baada ya Leonard, kwa hiyo mnahesabu nusu. Kivuli cha Kalule kwa Mugabi ni kigumu zaidi, hakuna mashoto fundi aliyemjaribu vizuri kabla ya Hagler, na Hagler mwenyewe ni mashoto ila mzito kuliko Kalule. Mimi nampa Kalule kwa pointi, mara tano na nusu kati ya kumi, na ile nusu nimekuwa nikiigombania na jirani yangu tangu Ramadhani iliyopita.